Uwanja wa Barafu: Nani Anaruhusiwa Saa za Mazoezi?

Tiketi ya kawaida ya uwanja wa barafu haimruhusu mtu kuruka na kujizungusha apendavyo. Barafu ni moja, watumiaji ni wengi. Uwanja wa Panari katika Barabara ya Mombasa, Nairobi, uliofunguliwa mwaka wa 2005, umetumiwa na familia na pia timu ya magongo ya Ice Lions.

Kwa kawaida viwanja hutenga vipindi. Katika kipindi cha umma, wote huteleza kuelekea upande mmoja, na miruko huzuiwa au huruhusiwa katikati tu. Sababu ni usalama: anayeteleza kinyumenyume hamwoni mtoto aliye nyuma yake, na chuma cha kiatu hukata.

Kipindi cha mazoezi huwa na idadi maalum ya watu. Baadhi ya viwanja hudai cheti cha kiwango au kocha, lakini vingi vina kipindi kilicho wazi kwa yeyote anayejua kusimama, kugeuka na kutazama nyuma. Kwa hivyo mtu mzima anayejifunza kwa kujifurahisha asijitoe mapema, akidhani saa hizo ni za washindani pekee.

Akishaingia, ampishe kwanza ambaye muziki wake unachezwa, kisha anayefundishwa na kocha. Aliyeanguka ainuke mara moja. Mazungumzo na simu ni nje ya barafu.

Kabla ya kulipa, uliza mapokezi ratiba ya wiki hiyo na kama tiketi ya kipindi kimoja inauzwa.