Mji mtulivu wa bahari kwa mtu wa Kisangani: kwa nini ninataja Tanga kwanza

Kila promosheni ikimaliza, swali moja linarudi: "Nikipata kazi ya kufanya kwa intaneti, ao nikiweka franga kidogo pembeni, niende kuishi mji gani wa bahari wenye utulivu?" Si swali la kuchekesha. Wenzetu wengi wameshaondoka, wengine wakajuta, na wengi wao walichagua mji kwa sababu ya picha tu.

Tuanze na ramani. Kongo ina bahari, ndiyo, lakini pwani yetu yote ni karibu kilomita 40 tu, kule Muanda na Banana. Kutoka Kisangani kufika huko unashuka mto zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa, kisha Matadi, na bado hujaona bahari. Tena ukifika unakuta Kikongo na Lingala. Ndiyo maana macho yetu yanaangalia mashariki, Bahari ya Hindi, ambako lugha tunayo tayari mdomoni. Lugha hiyo yenyewe ilitoka huko. Tippu Tip, mtu wa Zanzibar aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na watu wake ndio waliochangia sana kuileta hapa, pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa. Hawakuja kwa amani. Leo sisi tunauliza njia ile ile, lakini kwa paspoti na diploma.

Na neno "utulivu" tulipime vizuri. Mzungu wa kustaafu akisema mji mtulivu, anafikiri pombe baridi na hakuna honi za magari. Mtoto wa Kisangani ambaye wazazi wake walijificha chini ya kitanda katika Vita ya Siku Sita, tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita mwaka 2000, anafikiri kitu kingine: kulala bila kusikiliza. Kwa hiyo usiangalie kelele peke yake. Angalia pia usalama wa njia ya kufika, usalama wa karatasi zako, na kama utakula mwezi wa nne akiba ikiisha.

Ukipima hivyo, miji mingine inaanguka haraka. Lamu ni mizuri sana, mji wa kale uliowekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, punda ni wengi kuliko magari. Lakini bara ya kaunti ile imeshambuliwa na al-Shabaab mara nyingi, Mpeketoni mwaka 2014 ni mfano. Mtwara ni kimya, lakini ng'ambo ya mto Ruvuma kuna Cabo Delgado ya Msumbiji, yenye vita tangu mwaka 2017. Zanzibar bei za nyumba zinafuata watalii. Mombasa na Dar es Salaam si mitulivu hata kidogo: Mombasa ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.2 mwaka 2019, Dar zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022. Bagamoyo na Malindi zinafaa kwa mapumziko. Kwa kuishi na kufanya kazi, mimi ningesema tuangalie Tanga.

Tanga iko kaskazini mwa pwani ya Tanzania, kama kilomita 350 kutoka Dar, na ina watu chini kidogo ya laki 4 kwa hesabu ya mwaka 2022. Ni mji uliokuwa mkubwa zamani. Wajerumani walianza reli hapa mwaka 1893, mwaka huo huo mkonge ukaletwa nchini, na kwa miaka mingi mkonge ndio uliolisha mji. Bei yake ilipoanguka, kamba za nailoni zilipochukua soko, mji ukapunguza mwendo. Utulivu wa Tanga ni hiyo: barabara pana zilizopangwa kwa ajili ya shughuli ambazo zilipungua. Mtaa wa Ngamiani barabara zinaitwa kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mgeni hapotei. Hospitali ya mkoa, Bombo, iko hapo hapo mjini. Na kitu kimoja kitakachomfurahisha mtu wa kwetu: baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, kama Kisangani ya toleka kabla ya moto kujaa barabarani.

Lakini usitegemee mchanga mweupe wa picha. Ghuba ya Tanga ina mikoko na matope. Kuogelea watu wanaenda upande wa Raskazone, ao wanateremka mpaka Pangani. Joto lake tunalijua, ni lile lile la kunata la kwetu, ila upepo wa bahari unasaidia. Na utulivu huo unaweza kupungua, kwa sababu bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, pembeni ya Tanga. Mradi kama huo unapandisha kodi za nyumba.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wengi wanaanguka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watu wakasema: mipaka imekwisha! Hapana. Kuingia ni kitu kimoja, kukaa ni kingine, kufanya kazi ni cha tatu. Tanzania ina kibali cha ukaazi cha daraja A kwa mwenye mtaji wake, B kwa mwenye mwajiri, na C kwa wanafunzi, watafiti na wengine. Ukiwa na mwajiri, unahitaji pia kibali cha kazi kinachotoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015. Muhuri wa mgeni wa mpakani hauchukui nafasi ya hivyo. Visa zinabadilika, ulizia ubalozi kabla ya kununua tikiti, usiulize binamu.

Tena, mpango wa "nitafungua saluni ndogo, ao kibanda cha kutuma pesa" umefungwa. Mwezi wa saba 2025 Tanzania ilitoa amri ya kukataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ndani yake mna kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni isiyo ya hoteli, kuongoza watalii, udalali na uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Hizo ndizo kazi ambazo kijana wetu mwenye akili angeanza nazo. Wala ardhi huwezi kununua kama raia: Tanzania mgeni anapata ardhi kwa njia ya uwekezaji tu, na Kenya katiba ya mwaka 2010 inampa upangaji usiozidi miaka 99.

Inabaki nini? Kuajiriwa, ao kuleta kipato kutoka nje. Mtu anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza anatafutwa na kampuni zinazosafirisha mizigo ya Kongo, lakini kampuni hizo ziko Dar na Mombasa, kwenye kelele. Ukweli ndio huo: mkate uko mji wenye kelele, na mji mtulivu unataka uje na mkate wako. Mfasiri, mtu wa programu, mtafiti mwenye mkataba, hao Tanga inawafaa. Wakumbuke tu kwamba ukikaa Tanzania siku 183 ao zaidi katika mwaka, mambo ya kodi ya mapato yanakuhusu.

Diploma nayo ina safari yake. Ikiwa ni ya mfumo wa zamani, "licence" yetu ilikuwa miaka mitano, graduat mitatu kwanza. Ya LMD ni miaka mitatu. Ofisa wa huko akisoma "Licence" anaweza kufikiri leseni ya kuendesha gari, msicheke. Peleka tafsiri ya Kiingereza ya mtafsiri aliyeapishwa, pamoja na rilevé zote za alama, na uombe tathmini kwa TCU, tume ya vyuo vikuu. Daktari na mhandisi wana bodi zao pia. Fanya hayo ukiwa bado Kisangani, kwa sababu muhuri wa chuo unaofuatwa kutoka mbali unachukua miezi.

Nyumba: huko wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima mbele, na dalali anachukua chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya kulipa, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Mwenyekiti wa mtaa akikujua, umepata nusu ya usalama wako. Umeme unanunuliwa mbele kwa mita ya LUKU.

Na Kiswahili chetu? Kitaeleweka, lakini watakucheka kidogo siku za kwanza. Sombe wao wanaita kisamvu, lenga-lenga ni mchicha, lituma usiulize. Sahau "bonjour": mkubwa anaamkiwa "shikamoo", na usipoisema watakuona huna adabu hata kama una doctorat. Tanga ni kwao Shaaban Robert, watu wanajivunia lugha yao. Wengi ni Waislamu; Ramadhani mchana migahawa mingi imefungwa, na kabla ya jua adhana itakuamsha kama vile makanisa ya kwetu yanavyotukesha.

Njia: RN4 kupitia Nia-Nia, Mambasa na Komanda mpaka Beni na mpaka wa Kasindi, usalama wake unabadilika wiki kwa wiki, usiende kabla ya kuulizia wasafirishaji wa wiki ile. Ukishafika Kampala, mabasi yanakwenda Nairobi na Mombasa. Kutoka hapo unavuka Lunga Lunga, unaingia Horohoro, na Tanga iko kilomita 65 mbele, lami yote. Safari ya kwanza uende mwezi wa nne, wakati wa masika, uone nyumba ipi inavuja na barabara ipi inajaa maji, kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.