Nani Hakimu wa Ziwa Nyasa?

Ndugu zetu wa visiwani, ambao bahari ndiyo shamba lao, wataielewa upesi shida ya mvuvi wa Mbamba Bay. Jioni husukuma mtumbwi kwenda kutafuta dagaa, na kabla maji hayajamfika kifuani, kwa madai ya Malawi, amekwisha ingia katika nchi ya watu. Madai hayo yametokana na mkataba walioandikiana Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890, uliopitisha mpaka ufukweni mwetu. Tanzania, tangu tamko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, inashikilia kuwa mpaka upo katikati ya maji, kama ulivyo baina ya Malawi na Msumbiji huko kusini (ingawa visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyo upande wa Msumbiji, ni vya Malawi).

Hatukusudii kutoa hukumu hapa. Tena tukiri kwamba hoja ya jirani si ya kubezwa: azimio la Cairo la Julai 1964, la kuheshimu mipaka tuliyorithi kwa wakoloni, lilipelekwa mkutanoni na Mwalimu mwenyewe. Tunauliza jambo jingine: nani atahukumu?

Tanzania na Malawi ni wanachama wa SADC, jumuiya ambayo mkataba wake, uliotiwa saini Windhoek mwezi Agosti 1992, unazifunga nchi zote kufuata utawala wa sheria, ukaamuru na mahakama iundwe. Tarehe 28 Novemba 2008 mahakama hiyo iliamua kwamba Zimbabwe, kwa kutwaa mashamba ya wakulima wa Kizungu bila fidia wala nafasi ya kusikilizwa mahakamani, imevunja mkataba. Sisi tuliolelewa katika siasa ya ardhi kuwa mali ya umma hatuna machozi ya kuwalilia walowezi. Lakini hukumu ni hukumu.

Zimbabwe ilikataa kutii. Mahakimu wakalipeleka jambo hilo kwa wakuu wa nchi, kama taratibu zilivyoelekeza. Wakuu walifanya nini? Mwaka 2010 waliisimamisha mahakama! Mwaka 2012, huko Maputo, wakaamua kuwa mahakama mpya isikilize mashauri ya nchi na nchi tu. Mwananchi asikanyage mlangoni. Tanzania ilikuwamo vikaoni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu yetu wenyewe ilitamka kwamba kitendo kile kilikwenda kinyume cha utawala wa sheria.

Kasoro ilikuwa ndani ya mkataba. Maamuzi ya wakuu hupatikana kwa kauli moja, na mshitakiwa ni mmoja wa wenye kauli. Kadhi gani humwomba mshitakiwa ridhaa kabla ya kumwadhibu?

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo isijisifu. Ni kweli kwamba tarehe 1 Novemba 2007 mahakama yake ya Arusha iliikemea Uganda, ambako askari wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili waliopewa dhamana wasitoke. Lakini miezi michache kabla yake, baada ya mahakama hiyo kuiudhi Kenya katika shauri la wabunge wa Jumuiya, mkataba ulirekebishwa kwa haraka, na mwananchi akawekewa miezi 2 tu ya kufungua shauri.

Kwa hiyo mgogoro wa ziwa ulipopamba moto mwaka 2012, ulipelekwa kwa wazee, marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano. Tunawaheshimu wazee hao, lakini wao ni wasuluhishi, na neno lao halimfungi asiyelitaka. Itifaki ya mwaka 2014 ilikusudia kuleta mashauri ya nchi na nchi mbele ya hakimu, ila iliwekewa sharti la kuidhinishwa na theluthi mbili ya wanachama ndipo ifanye kazi.

Wakubwa mnaosoma safu hii, nendeni Lituhi na Liuli, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga. Waelezeni wananchi, kabla ya kikao kijacho cha wakuu, kama Tanzania itadai mahakama ile irudi na mlango wa raia ukiwa wazi, au tutaendelea kunyamaza kama mwaka 2010.