Mkengeuko, Hitilafu na Kosa: Msingi wa Kuandaa Kozi ya Awali ya Robotiki kwa Wanafunzi wa Sekondari

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa kozi ya awali ya robotiki kwa wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba kozi ya aina hii haipaswi kujengwa juu ya ustadi wa kuunganisha vipuri, bali juu ya dhana moja, yaani mrejesho, pamoja na uwezo wa mwanafunzi kueleza, kwa lugha anayoimudu, kwa nini roboti yake haikufanya kilichotarajiwa. Makala yanapendekeza istilahi tatu za Kiswahili zinazotofautishwa kwa makusudi: mkengeuko, hitilafu na kosa. Kisha yanaonesha jinsi istilahi hizo zinavyoweza kuongoza mtiririko wa mada, mazoezi na upimaji katika kozi ya wiki 10.

1.0 Utangulizi

Neno roboti lilienea duniani kupitia R.U.R., tamthilia ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek iliyochapishwa mwaka 1920. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Maana hiyo bado imejificha katika namna robotiki inavyofundishwa kwa wanaoanza: mashine huamriwa nayo hutii, isipotii, huhesabiwa kuwa mbovu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kunaswa na mtazamo huo. Katika kozi yake ya kwanza alitumia seti ya vipuri iliyokuja na kijitabu cha picha. Kipindi kilipomalizika, roboti zote zilikuwa zikitembea. Kundi moja lilipoulizwa kwa nini roboti yao ilikata kushoto, lilijibu: "Kwa sababu tumefuata picha." Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililozaa mjadala wa makala haya. Kozi ilikuwa imefaulu kuunda roboti bila kumfunza mwanafunzi chochote anachoweza kukihamishia kwenye mashine nyingine.

2.0 Mrejesho kama Dhana Kiini

Roboti, hata ikiwa ndogo kiasi gani, hurudia hatua tatu: huhisi, huamua, hutenda. Tendo lake hubadilisha hali yake katika mazingira, nayo hali hiyo mpya huhisiwa tena. Mzunguko huo ndio mrejesho. Pasipo mrejesho, mashine hurudia tu mwendo iliopangiwa, kama saa ya ukutani.

Dhana hii haihitaji vifaa vya gharama kubwa. Mwaka 1948 na 1949, mjini Bristol, Uingereza, William Grey Walter aliunda mashine mbili zilizofananishwa na kobe, Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na kihisi cha mwanga, kihisi cha mguso, na saketi yenye vali mbili tu. Hata hivyo, mashine hizo ziliweza kuufuata mwanga na kukwepa vizuizi. Kwa mwandaaji wa kozi, funzo ni kwamba tabia inayoonekana changamani inaweza kutokana na sehemu chache, mradi sehemu hizo ziunganishwe katika mzunguko wa mrejesho.

Naye Seymour Papert, mmoja wa waasisi wa lugha ya kompyuta ya Logo iliyobuniwa mwaka 1967, alitetea katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980 kwamba kutafuta na kurekebisha makosa ya programu ni sehemu ya kujifunza kwenyewe. Makala haya yanakubaliana na hoja hiyo, lakini yanaongeza kwamba ili mwanafunzi arekebishe jambo, sharti kwanza awe na jina la jambo hilo.

3.0 Suala la Istilahi

Nchini Tanzania, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika sehemu kubwa ya shule za msingi, ilhali Kiingereza hutumika katika sekondari. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukariri jina la kifaa kwa Kiingereza na bado akashindwa kutunga sentensi mbili za kueleza kwa nini kifaa hicho kimeshindwa kazi. Kiswahili si kigeni katika taaluma hizi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa tangu mwaka 1990. Pengo lililopo katika kozi ya robotiki si la majina ya vipuri, kwa kuwa mota, betri, saketi na kihisi hueleweka upesi. Pengo ni la maneno ya kuelezea kushindwa.

Katika mazungumzo ya kawaida, kila kisichokwenda sawa huitwa kosa. Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Mkengeuko ni tofauti kati ya hali inayotakiwa na hali iliyopo. Roboti iliyo sentimita mbili kando ya mstari ina mkengeuko. Jambo hili si baya, kwa kuwa ndiyo taarifa inayoiwezesha roboti kujirekebisha.

(b) Hitilafu ni kasoro ya kifaa: waya uliochomoka, betri iliyoishiwa nguvu, mota iliyoungua.

(c) Kosa ni uamuzi usiofaa wa binadamu uliowekwa katika programu au katika mpango wa kazi.

Mgawanyo huu una athari ya kimalezi. Mwanafunzi anayeona mkengeuko akidhani ni kosa lake huzima roboti na kukata tamaa. Anayeita kosa lake hitilafu huomba kifaa kipya. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi naye sharti ajue kama kilichovunjika ni koleo au ni mpango wake.

4.0 Mpangilio wa Kozi

Kozi inapendekezwa kuwa na kipindi kimoja pacha cha dakika 80 kwa wiki, kwa makundi ya wanafunzi wanne.

Wiki ya 1 hadi ya 3 hazihitaji umeme. Mwanafunzi mmoja hufungwa kitambaa machoni na kutembea juu ya mstari wa chaki uwanjani, huku mwenzake akimwelekeza kwa maneno mawili tu: "kushoto" na "kulia". Baadaye mwelekezaji hutakiwa kuhesabu hadi tatu kabla ya kusema. Mtembezi huanza kuyumba huku na huko, na wakati mwingine huuacha mstari kabisa. Darasa zima hushuhudia kwamba mrejesho uliochelewa huzaa kuyumba, ingawa kila agizo lilikuwa sahihi lilipoamuliwa.

Wiki ya 4 hadi ya 6 hushughulikia saketi na vihisi. Bodi ya Arduino Uno hupokea volteji kati ya 0 na 5 na kuigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Hapa mwanafunzi hufahamu kwamba roboti haioni rangi nyeusi wala nyeupe, bali hupokea namba. Wiki ya 7 hushughulikia mota. Inafaa kusisitizwa kuwa pini ya bodi hiyo imekusudiwa kutoa mkondo wa takribani miliampia 20, ambao hautoshi kuendesha mota, hata ya gari la kuchezea. Kwa hiyo hutumika saketi ya kati inayobeba mkondo wa mota. Kupuuza hatua hii ni kosa linalozaa hitilafu.

Wiki ya 8 na ya 9 ni za roboti inayofuata mstari mweusi juu ya sakafu nyeupe. Tuchukulie kwamba asubuhi kihisi kinasoma 200 juu ya nyeupe na 800 juu ya nyeusi. Wanafunzi huweka kizingiti katikati, yaani 500: namba iliyo juu yake huhesabiwa nyeusi, iliyo chini yake nyeupe. Roboti hufanya kazi. Mchana jua hupenya dirishani, na katika saketi ambayo mwanga mwingi hushusha namba, usomaji huwa 100 na 450. Sasa kila kitu ni cheupe mbele ya roboti, nayo hupotea njia.

Wanafunzi wengi watasema kuna hitilafu. Lakini hakuna kifaa kilichoharibika, wala hakuna herufi iliyobadilika katika programu. Namba 500 haikuwa sheria ya roboti; ilikuwa kipimo cha chumba kile, saa ile. Kosa ni kukichukulia kipimo cha asubuhi kana kwamba ni cha siku zote. Tiba ni kuifanya roboti ipime nyeupe na nyeusi kila inapowashwa, kisha ijitafutie kizingiti, ambacho kwa mfano huu ni 275. Katika kozi nzima, hakuna somo lenye uzito kuliko hili, kwa sababu linamfunza mwanafunzi kuhoji dhana aliyoiweka bila kujua.

5.0 Upimaji

Wiki ya 10 si ya mashindano ya kasi. Mwalimu hutega tatizo katika roboti inayofanya kazi: hubadilisha nyaya za mota moja, au hubadilisha kizingiti, au huihamishia roboti kwenye mwanga. Kundi huandika kile lilichokiona, hulipa tatizo jina kati ya yale matatu, hutoa sababu, kisha hupendekeza jaribio moja la kuthibitisha. Alama hutolewa kwa maelezo hayo hata kama roboti haikupona ndani ya muda. Upimaji huu pia humlinda mwanafunzi wa shule yenye vifaa vichache, kwa kuwa roboti moja inaweza kuhudumia makundi kadhaa kwa zamu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba swali la kwanza la mwandaaji wa kozi ya robotiki si vifaa gani vinunuliwe, bali ni mwanafunzi aweze kueleza nini mashine inapokwenda kinyume na matarajio. Istilahi tatu zilizopendekezwa zinaweza kuboreshwa na wanaistilahi, na majina mengine yanaweza kufaa zaidi. Linalopaswa kubaki ni utofautishaji wenyewe. Mwanafunzi anayeweza kusema, "Huu ni mkengeuko, lile ni kosa langu," ameanza kazi ya mhandisi, hata kama roboti iliyo mbele yake bado inayumba.