Fundi Asiye na Baraza

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipofunguliwa rasmi, msafiri hushughulikiwa na maofisa wa Kenya na wa Uganda mahali pamoja, katika nchi anayoingia. Malaba, wilayani Tororo, utaratibu ni huo huo. Hati za mizigo nazo hupita katika kompyuta. Mhuri pekee hautoshi tena.

Mitambo hiyo ikizima, wakala wa forodha hana la kufanya, ijapokuwa ana leseni. Madereva hujilaza chini ya malori, na nyanya hazijui kungoja. Hapo ndipo fundi wa kompyuta hutafutwa kwa udi na uvumba. Kazi ikirejea, husahauliwa papo hapo.

Muuguzi huandikishwa na baraza, wakili hula kiapo, mhasibu hutahiniwa na bodi. Fundi huyu huajiriwa kwa cheti chake, au kwa ustadi tu. Mwaka 2022 Bunge la Kenya lilipitisha muswada wa kuwaandikisha watu wa fani hiyo, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Wapinzani walihofia kwamba kijana aliyejifunza mwenyewe, bila shahada, angefungiwa mlango. Na vijana wa namna hiyo, kwa kweli, ni wengi.

Hata hivyo, muuguzi akikosea, mgonjwa ana baraza la kulishtakia. Fundi akivuruga hesabu za duka, mwenye duka hubaki kushika tama.