Kompyuta: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na ni mmoja wa wale wanaosoma somo la kompyuta. Kwa sababu hiyo wenzangu wameniona kuwa fundi. Nikiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana naulizwa, ati kwa nini hii haiwaki? Nikiwa njiani kwenda nyumbani jioni naulizwa, ati kwa nini ile imemeza kazi yangu? Mimi si fundi hata kidogo. Lakini kuuliza si ujinga, na maswali yenyewe ni yale yale kila muhula. Nimeonelea heri niyajibu hapa mara moja.

Kabla sijaanza, wacha niwasimulie kisa kimoja, maana bila kisa hicho nisingeandika makala haya.

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu alinipa kazi ya kupiga chapa makala za jarida. Jumamosi moja nilifika maabara ya kompyuta saa tatu asubuhi nikiwa na kazi sita za wanachama, zote zimeandikwa kwa kalamu. Nilikaa nikazipiga chapa moja baada ya nyingine. Kila nilipomaliza moja, niliikunja karatasi yake nikaitupa kwenye pipa la taka. Nilijiambia kwamba kazi sasa iko ndani ya kompyuta, karatasi ya nini tena? Saa sita wanafunzi wa zamu walikuja wakachukua pipa, wakaenda kuchoma taka shimoni. Saa saba kasorobo, nikiwa kwenye ukurasa wa mwisho wa kazi ya sita, stima ikapotea. Skrini ikawa nyeusi tititi. Iliporudi baada ya nusu saa niliwasha kompyuta, nikatafuta kila mahali. Hapakuwa na hata neno moja. Kutoka asubuhi sikuwa nimehifadhi, au kusevu kama tunavyosema maabarani, hata mara moja.

Watano kati ya waandishi wale walikuwa na nakala katika madaftari yao. Wa sita alikuwa kijana wa kidato cha kwanza aliyeandika shairi kuhusu nyanya yake aliyefariki mwezi wa Desemba. Karatasi aliyonipa ilikuwa ndiyo ya pekee. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuuacha tu, niliuchoma.

Basi, haya ndiyo maswali. Nitaanza na yale ambayo ningekuwa nayajua siku hiyo, yangeniokoa.

Swali la 1: Je, lile sanduku la chini ya meza ndilo CPU?

La, ingawa karibu sote tunaliita hivyo. CPU, au prosesa, ni kipande kidogo cha mraba kinachotoshana na biskuti, nacho kiko ndani ya sanduku chini ya feni. Hicho ndicho kinachofanya hesabu zote. Sanduku ni nyumba tu. Ndani yake, pamoja na prosesa, mna ubao mkubwa unaounganisha kila kitu, mna kumbukumbu iitwayo RAM, mna diski ya kuhifadhia kazi, na mna kisanduku cha umeme. Vifaa vinavyokaa nje, yaani kibodi, kipanya, skrini na printa, huunganishwa kwa nyaya ili wewe na kompyuta mpate kuelewana. Kwa hivyo skrini ikiharibika, usilie kwamba kazi yako imepotea. Skrini haihifadhi chochote. Chomeka skrini nyingine na utaikuta kazi iko pale pale.

Swali la 2: RAM na diski vina tofauti gani? Si vyote ni kumbukumbu?

Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Fikiria darasa. Mwalimu anaandika ubaoni, nawe unanakili katika daftari. Ubao ni mpana na unasomeka haraka, lakini mwalimu wa somo linalofuata akiingia, hufutwa. Daftari ni la polepole kidogo, ila utalibeba hadi nyumbani na kulikuta kesho. RAM ni ubao. Diski ni daftari. Kila unachoandika kwenye kibodi huenda ubaoni kwanza. Kusevu maana yake ni kunakili kutoka ubaoni hadi daftarini. Usiponakili, ni shauri yako.

Kwa nini RAM hufutika? Kwa sababu huweka habari kwa chaji ndogo sana za umeme, na chaji hizo huvuja. Kompyuta hulazimika kuzijaza upya mara nyingi katika kila sekunde moja, bila kupumzika. Umeme ukikatika hakuna wa kuzijaza, na kila kitu huyeyuka. Diski haitegemei umeme kukumbuka. Ile ya zamani ina sahani za sumaku zinazozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika katika kompyuta za mezani. Hiyo ni mara 120 kwa sekunde! Ndiyo sababu hatupendi mtu apige teke sanduku likiwa linafanya kazi. Diski za kisasa, SSD, hazina kitu kinachozunguka, nazo huhifadhi habari kwa njia inayofanana na ya flashi.

Kwa hivyo mtu akikuambia kompyuta yake ni ya GB 4 na mwingine yake ni ya GB 500, usidhani wa pili amemshinda wa kwanza. Huenda mmoja anataja ubao na mwenzake anataja daftari.

Swali la 3: Stima ikipotea nifanye nini?

Iwapo imeshapotea, umechelewa. Kilichoseviwa hubaki na kisichoseviwa huenda. Kuna programu ambazo hujiwekea nakala zenyewe kila baada ya dakika chache, lakini katika ile niliyoitumia huduma hiyo ilikuwa imezimwa, nami sikujua. Usitegemee.

Kinga ya kwanza ni kile chombo kizito kiitwacho UPS. Ndani yake mna betri. Umeme ukikatika, betri hushika kazi papo hapo na chombo huanza kulia pii, pii. Kelele hizo hazimaanishi uendelee kuandika. Zinamaanisha una dakika chache tu za kusevu na kuzima vizuri. Siku ya kisa changu, maabara ilikuwa na UPS, ila ilikuwa meza ya pili. Mimi niliketi karibu na dirisha kwa sababu ya hewa, na kompyuta hiyo ilikuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Kompyuta ya kupakata ina betri yake yenyewe, kwa hivyo haizimiki ghafla ikiwa betri bado ni nzima.

Jambo la pili ni hili. Stima ikipotea, zima swichi ya ukutani. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na kisanduku cha umeme huupunguza hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajiwa na vifaa vya ndani. Umeme unaporudi huweza kuja kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho huunguza visanduku hivyo. Subiri utulie, ndipo uwashe.

Swali la 4: Mbona kompyuta fulani hutuambia tuko miaka mingi nyuma?

Swali hili hunichekesha, lakini jibu lake ni rahisi. Kwenye ule ubao wa ndani kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu. Kazi yake ni kuendesha saa kompyuta ikiwa imezimwa. Betri ikiisha, saa husahau na kurudi mwanzo. Kompyuta yenyewe haijaharibika. Mara nyingi betri hiyo huitwa CR2032, na jina lenyewe linajieleza: upana wake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2. Ni ya volti 3. Hubadilishwa kwa dakika chache, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Msipuuze jambo hili. Tarehe ikiwa ya uongo, baadhi ya kurasa za intaneti hukataa kufunguka, na faili zako zitaonekana ziliandikwa kabla hujajua kusoma.

Swali la 5: Kwa nini diski huitwa C? A na B zilienda wapi?

Zilikuwako. Kompyuta za kwanza za mezani hazikuwa na diski ya ndani, zilitumia diski laini zilizotiwa kwenye mlango wa mbele. Mlango wa kwanza uliitwa A, wa pili ukaitwa B. Diski ya ndani ilipokuja ilikuta herufi hizo zimechukuliwa, ikapewa C. Diski laini zimetoweka, lakini viti vyao vimeachwa wazi. Ile ya inchi tatu na nusu, iliyotumika sana miaka ya 1990, ilibeba MB 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo aghalabu isingeingia humo!

Swali la 6: Nilinunua flashi ya GB 16, mbona inaonyesha 14.9? Je, nimeibiwa?

Hujaibiwa, ndugu yangu. Ni hesabu tu. Aliyeitengeneza huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa 1,024 zilizozidishwa mara tatu, yaani baiti 1,073,741,824. Gawanya bilioni 16 kwa namba hiyo na utapata 14.9. Baiti ni zile zile, kipimo ndicho tofauti. Ni kama kupima gunia moja kwa debe la muuzaji na kwa debe la mnunuzi.

Ila usiichomoe flashi wakati taa yake inamemeteka. Wakati huo bado inaandikwa, na ukiichomoa unaweza kuharibu faili zilizomo. Iage kwanza kompyuta kwa kubonyeza alama ya kuiondoa salama. Isitoshe, flashi iliyotoka saiba ipimwe virusi kabla ya kuifungua.

Swali la 7: Kwa nini kompyuta hunguruma, kisha ikajizima?

Ni joto. Prosesa ikifanya kazi hupata moto, na juu yake kuna kipande cha chuma chenye mapezi pamoja na feni ya kuipuliza. Vumbi likijaa kati ya mapezi, feni huzunguka kwa nguvu zaidi, ndiyo hiyo ngurumo. Joto likizidi kiasi, kompyuta hujipunguzia kasi, na mwishowe hujizima ili isiungue. Dawa ni brashi laini, si kitambaa chenye maji. Chomoa waya kwanza, omba ruhusa ya mwalimu, na uishike feni kwa kidole isizunguke unapoisafisha.

Swali la 8: Na printa je? Mbona karatasi hutoka moto?

Hiyo ni printa ya leza. Haitumii wino wa maji bali unga mkavu, ambao hushikizwa kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Printa ya wino hurusha vitone vidogo sana kupitia vitundu vyembamba, na ikikaa wiki nyingi bila kazi wino hukauka humo ukaziba. Ni afadhali ichapishe ukurasa mmoja kila wiki. Karatasi zikikwama wakati wa mvua, jueni zimenyonya unyevu. Zifungeni vizuri ndani ya pakiti yake.

Ndugu wasomaji, ningeweza kuendelea, lakini mhariri amenipimia kurasa. Nitawaachia mambo matatu. Kwanza, ukianza kazi ipe jina na uisevu kabla hujaandika hata sentensi moja, kisha bonyeza Ctrl na S pamoja kila umalizapo aya. Pili, weka nakala mahali pawili, maana hata diski hufa. Tatu, usiitupe karatasi ya mtu mpaka kazi yake imechapishwa na yeye mwenyewe ameisoma.

Mwalimu mlezi hakunigombeza siku ile. Alisema tu niende nimwambie mwenye shairi mimi mwenyewe. Nilimpata Jumatatu asubuhi langoni. Nilimweleza yote, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni sawa tu." Afadhali angenitukana. Tuliketi naye siku tatu baada ya masomo akijaribu kulikumbuka, mimi nikiandika kwa kalamu. Safari hii nilisevu kila ubeti.

Shairi hilo limo katika jarida hili. Mtakapolisoma mtaona lina beti tano. Lilikuwa na saba.