HUNA BENDI? USILIE, SIMU ITAKUPIGIA BESI!

Wiki hii mambo ya nguo na mapenzi tunayaweka kando kidogo, tunaingia kwenye gitaa. Maana vijana wengi wa mjini siku hizi wamejinunulia gitaa au kinanda, wanajifungia chumbani na kukung'uta mpaka vidole vinaota sugu. Ukimsikiliza mmoja akiwa peke yake utasema huyu tayari fundi. Haya, mpeleke kwenye bendi au kwaya, mpiga drams ahesabu moja, mbili, tatu, nne... weee! Kijana anakimbia mbele kama kafukuzwa na mgambo, mara anabaki nyuma, mara besi imeshahamia kodi nyingine yeye bado kaganda kwenye ile ya zamani. Na kodi ninayosema hapa siyo ile ya TRA, ni ile mikamato ya sauti tatu nne zinazolia pamoja.

Tatizo lake siyo vidole. Tatizo ni kwamba amezoea kupiga bila mtu wa kumdhibiti. Ukiwa peke yako ukikosea unasimama, unajikuna kichwa, unaanza upya. Bendi haina subira hiyo, bwana. Inakwenda, na wewe unatakiwa uende nayo.

Dawa ni kufanya mazoezi juu ya biti, yaani muziki wa kusindikiza ambao ala yako haimo, wewe ndiye unayejaza pengo. Wala siyo jambo la jana. Kule New York kampuni ya Music Minus One ilianza mwaka 1950 kutoa santuri zenye ala moja pungufu ili mnunuzi ajazie mwenyewe. Mwaka 1967 Mmarekani Jamey Aebersold naye akaanza kutoa vitabu vyake vya jazz vyenye santuri ya kupigia. Tofauti ni kwamba santuri ilikuwa na spidi moja na ufunguo mmoja, upende usipende. Leo programu ya simu au kompyuta inakupa spidi unayotaka, ufunguo unaotaka, na hainuni ukirudia mara mia.

Sasa kimbembe: programu ziko kibao, uchukue ipi?

KWANZA JUA UNATAKA NINI

Vijana wengi wanaanzia hapa kupotea. Anataka mazoezi, anakwenda kuchukua programu ya studio. FL Studio, kwa mfano, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ni chombo cha kazi kweli kweli. Ukitaka kutengeneza wimbo mzima, sina ubishi. Lakini kwa mtu anayetaka kufanya mazoezi ya nusu saa baada ya kazi, ni sawa na kukodi lori kwenda dukani kununua kiberiti. Utakaa saa mbili unachagua sauti ya ngoma ndogo, gitaa limelala kitandani. Ukishtuka usiku umeingia na hujapiga hata noti moja.

Kipimo changu ni hiki: tangu unaifungua programu mpaka muziki uanze kulia, zisipite dakika 10. Zikipita, hiyo siyo ya mazoezi.

ZILE ZA KUANDIKA KODI TU

Kundi hili ndilo rahisi kuliko yote. Unaandika majina ya kodi kwenye vyumba vyumba, C hapa, F pale, G kule, unachagua mtindo na spidi, unabonyeza. Programu yenyewe inapiga besi, drams na kinanda.

Babu yao ni Band-in-a-Box ya Kanada, iliyotoka mwaka 1990. Ina mitindo mingi ajabu, na matoleo yake mapya hutumia hata sauti za wanamuziki halisi waliorekodiwa. Kasoro yake ni kwamba inauzwa, na matoleo makubwa ni mazito kiasi cha kuuzwa yakiwa ndani ya diski yake yenyewe. Kama kompyuta yako ni ile inayohema ukifungua barua tu, mpishe.

Kwenye simu kuna iReal Pro. Hii imetengenezwa na mwanamuziki mwenyewe, Massimo Biolcati, mpiga besi ambaye amepiga miaka mingi pamoja na mpiga gitaa Lionel Loueke wa Benin. Ndiyo maana imekaa kimazoezi: unaweza kupunguza besi ukitaka kuipiga wewe, ukahamisha ufunguo, ukairudisha sehemu moja mara kwa mara, hata ukaiambia ijiongeze spidi kila raundi. Unailipia, lakini ukishaiweka inapiga bila bando.

Mfuko umetoboka? Usijali, za bure zipo. ChordPulse Lite ni ya Windows, nyepesi, mitindo yake michache lakini kwa mwanafunzi inatosha. Nyingine ni JJazzLab, inayokubali Windows, Mac na Linux. Jina lisikutishe ukadhani ni ya jazz peke yake. Utamu wake ni kwamba inasoma mafaili ya mitindo ya vinanda vya Yamaha, vile vile vinavyopigwa makanisani na kwenye maharusi.

Jambo moja tu ulijue. Programu nyingi za namna hii hutumia MIDI, utaratibu ulioanza mwaka 1983. Faili la MIDI halina sauti ndani, lina maagizo: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Ndiyo maana ni dogo sana, wakati wimbo wa dakika 3 wenye ubora wa CD unakula kama MB 30. Ndiyo maana pia ukibadilisha ufunguo au spidi sauti haiharibiki. Ubaya wake ni kwamba sauti ikiwa kama ya kengele ya mlangoni, kosa siyo la biti, ni la sauti zilizomo kwenye kompyuta yako. Usiikimbie kwa hilo. Uko mazoezini, hauko ukumbini.

NA SEBENE JE?

Hapa ndipo wengi wanavunjika moyo. Unafungua orodha ya mitindo unakuta swing, rock, bossa nova, blues. Sebene unaitafuta kwa tochi. Mchiriku ndiyo usahau. Waliotengeneza wametengeneza muziki wa kwao, huwezi kuwalaumu sana.

Suluhisho lipo na ni la bure: Audacity, programu ya kurekodi iliyotoka mwaka 2000. Rekodi mwenyewe gitaa la rithimu, mzunguko wa kodi tatu, C, F na G. Tumia metronomu ya ndani ya programu ikuweke sawa. Halafu rekodi besi juu yake, hata ukiipiga kwa nyuzi nene za gitaa la kawaida. Ukimaliza irudishe mwanzo, chukua gitaa, ingia na solo. Dansi letu limejengwa hivyo hivyo, gitaa moja linashika, jingine linajibu. Ukiweza kushika rithimu yako mwenyewe dakika 3 bila kuyumba, tayari umefanya mazoezi kabla hata solo haijaanza!

Audacity ina faida nyingine. Ukiwa na wimbo unaoupenda lakini mpiga solo anakwenda kama ana haraka ya basi la mwisho, unaipunguza spidi bila sauti kushuka. Unamsikia noti kwa noti.

Siku hizi zipo pia programu za kutenganisha wimbo, ukatoa gitaa au sauti ya mwimbaji na kubaki na vingine. Kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa ya bure iitwayo Spleeter mwaka 2019, na kwenye simu kuna Moises. Ni tamu, ila Moises inapeleka wimbo wako kwenye mtandao na kuurudisha, kwa hiyo angalia bando lako lisije likaishia hapo.

MASWALI MATANO KABLA HUJAPAKUA

1. Inafanya kazi bila intaneti? Kama hapana, siku bando likiisha na mazoezi yameisha.

2. Naweza kubadilisha spidi na ufunguo? Kama huwezi, basi ni santuri ya mwaka 1950 hiyo.

3. Naweza kuzima ala moja? Mpiga besi hahitaji besi ya pili ya kumficha makosa.

4. Inakubali mapigo ya tatu na sita, au ni manne tu? Ngoma zetu nyingi haziendi kwa manne manne.

5. Ya bure inanizuia nini? Mfano ile FL Studio ya majaribio unaweza kutoa wimbo uliomaliza, lakini kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua tena ukaendelea nayo. Bora ujue mapema kuliko kulia baadaye.

Na tafadhali, ndugu yangu, achana na zile programu za kulipia zilizovunjwa kufuli zinazogawiwa kwa flashi vijiweni. Virusi wakiingia wanasafisha mpaka picha za harusi ya dada yako. Za bure halali zipo, nimekutajia.

NAMNA YA KUITUMIA

Kuwa na programu na kujua muziki ni vitu viwili. Anza na vyumba vinne tu vya kodi, mapigo 80 kwa dakika. Kwa mapigo manne kila chumba, raundi moja inachukua sekunde 12. Piga hesabu: kwa dakika 10 umezunguka raundi 50. Nani kwenye bendi atakubali kukurudilia mara 50? Ukipita raundi tatu bila kosa, ongeza mapigo manne. Ukianza kujikwaa, rudi nyuma, hakuna anayekuona.

Ukikosea usisimame! Hiyo ndiyo amri kuu. Acha noti iliyokuponyoka iende zake, subiri kodi inayofuata, ingia. Hicho ndicho anachokosa yule kijana wetu wa mwanzo, na hakuna mwalimu wa kumfundisha zaidi ya biti isiyomsubiri.

Tumia hedifoni za waya. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na kama unapiga kinanda cha kwenye simu yenyewe utajiona mchelewaji kumbe siyo wewe. Tena spika ya simu haitoi besi, utadhani mpiga besi kaenda likizo. Waya unamaliza yote hayo, na jirani wa chumba cha pili analala.

Mwisho kabisa, mara moja kwa wiki izime hiyo programu, mtafute mshkaji mwenye ngoma au gitaa, mpige pamoja. Kompyuta haikosei mapigo, lakini haikuangalii usoni wala haipunguzi sauti mwimbaji anapoingia. Hayo mpaka ukutane na binadamu. Biti ni ya kukufanya usiwe mzigo siku hiyo ikifika.

Basi chagua moja tu, iweke leo, kesho uwe umeshapiga raundi 50. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.