Tendo la ndoa baada ya mshtuko wa moyo

WENGI wanaonusurika mshtuko wa moyo hujitenga na wenzi wao wakihofia kufia chumbani, na ukimya huo huzaa huzuni. Mwaka 2012, Chama cha Moyo cha Marekani kilieleza kuwa asiyepata matatizo zaidi aweza kurejea tendo la ndoa hata baada ya wiki moja, mradi kazi za kawaida hazimletei maumivu ya kifua.

Kwa mkazi wa Lamu, nyumba za mawe zina kipimo chake: daktari akishamruhusu, akipanda ngazi za orofa mbili bila kutweta wala kifua kubana, kwa kawaida moyo utastahimili.

Hata hivyo, anayetumia dawa za naitreti asimeze Viagra. Shinikizo la damu laweza kushuka ghafla na kumuua. Kwa hiyo, wanandoa waende kliniki pamoja, waulize bila haya.